KUPOTEA KWA FREMU KATIKA MATANGAZO YA MOJA KWA MOJA YANAYOPITA KWENYE WAYA
Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa visiwani na mwambao wa Bagamoyo



Miongoni mwa kazi zilizoingia katika ofisi za umma kwa miaka ya karibuni ni ile ya kurusha mikutano na sherehe moja kwa moja kwa njia ya intaneti. Kikao cha madiwani, ufunguzi wa zabuni, mahafali ya skuli, Maulid, hata maziko, yote siku hizi huwekewa kamera. Bagamoyo ina sababu yake ya ziada. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ambayo ilianza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa na kufanywa wakala wa Serikali mwaka 2007, ina tamasha lake la kimataifa, na ngoma zinazochezwa pale pwani zina wapenzi wengi wasioweza kufika. Unguja na Pemba nako, jamaa walioko Muscat, Dubai na London wamekwisha kuzoea kuona shughuli za nyumbani wakiwa huko huko waliko.

Kazi hiyo ikiharibika, hasara yake si ya mapambo. Mtoto aliyeko Oman anayetazama maziko ya mzazi wake hawezi kuombewa yarudiwe. Katika ufunguzi wa zabuni, picha ikiganda wakati bei ya mzabuni mmoja inasomwa, kisha ikarudi wakati inasomwa ya mwengine, wapo watakaosema kwamba imegandishwa. Ofisi itaeleza na kueleza, lakini lile pengo lipo na kila mtu ameliona. Kwa hiyo suala la fremu zinazopotea linaihusu ofisi nzima na heshima yake, wala si la fundi peke yake.

Inafaa kwanza kueleweka fremu ni kitu gani. Picha inayotembea ni mfuatano wa picha zilizosimama, 25 au 30 kwa kila sekunde, na kila moja huitwa fremu. Kwa kasi ya fremu 30, matangazo ya saa moja yana fremu 108,000. Programu ya kurushia ikionyesha kwamba asilimia 1 imepotea, maana yake ni fremu 1,080, yaani sekunde 36 za picha. Sekunde hizo zikipotea kwa kudonolewa, fremu moja hapa na moja kule, watazamaji wengi hawatatambua. Zikipotea kwa mkupuo, hotuba imekatika. Asilimia peke yake haisemi ni lipi kati ya hayo mawili limetokea. Ni lazima mtu akae mbele ya mtambo aangalie hesabu inapopanda na aandike saa.

Jambo la pili ndilo linalokosewa zaidi. Fremu hupotea kwa njia tatu tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyengine. Katika OBS Studio, programu ya bure inayotumiwa sana na ofisi na vijana wa mitaani, ipo paneli ya takwimu inayozitenganisha njia hizo kwa mistari mitatu. Mstari mmoja huhesabu fremu zilizokosekana kwa sababu kompyuta ilichelewa kuichora picha, kwa kawaida kwa kulemewa kadi ya michoro. Wa pili huhesabu zilizorukwa kwa sababu kompyuta ilichelewa kuisimba picha, yaani kuibana iwe ndogo ya kusafirishwa. Wa tatu huhesabu zilizoachwa kwa sababu mtandao haukuzipokea kwa wakati. Huu wa tatu ndio unaohusu waya, laini na mtoa huduma. Ile miwili ya mwanzo inaihusu kompyuta, na ofisi inaweza kulipia laini kubwa kuliko zote Tanzania bila ya mistari hiyo kushuka hata kidogo.

Upo mtihani mwepesi kwa asiyezoea kusoma takwimu. Wakati wa kurusha, programu iwekwe pia irikodi ndani ya kompyuta yenyewe. Baada ya shughuli, sehemu ile ile iliyoganda kwa watazamaji itazamwe katika rikodi. Ikiwa rikodi ni safi, kosa liko njiani, kati ya kompyuta na dunia. Ikiwa rikodi nayo inakwamakwama, kosa limo ndani ya kompyuta, na fundi wa mtandao aachwe apumzike.

Inapothibitika kwamba kosa ni la njiani, mazungumzo katika ofisi nyingi huenda namna moja. Mkuu wa ofisi humwita fundi kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, laini yenu hii mbovu, jana tumeaibika. Andika barua waongeze kasi."

Barua huandikwa, kasi huongezwa, malipo ya kila mwezi hupanda, na shughuli ifuatayo picha huganda vile vile. Fedha za umma zimekwenda na tatizo limebaki, kwa sababu hakuna aliyeuliza ni kitu gani hasa kinachopungua njiani. Matangazo ya picha ya ukubwa wa 720 kwa fremu 30 huhitaji takriban kilobiti 2,500 hadi 4,000 kwa sekunde. Megabiti 4 si mzigo mkubwa. Kwa saa mbili ni gigabaiti 3.6 tu. Laini nyingi za mkongo zinaubeba bila ya shida. Ofisi ambazo bado ziko kwenye laini za shaba za ADSL zina jambo jengine la kuangalia: laini hizo zilitengenezwa kwa kupokea kuliko kutuma, na upande wa kutuma mara nyingi hauzidi megabiti 1. Tangazo la biashara hutaja kasi ya kupokea. Anayerusha matangazo anatuma, na aulize kasi ya kutuma.

Kinachoharibu matangazo mara nyingi zaidi ni pakiti zinazopotea. Picha iliyosimbwa hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, na kila pakiti inayofika hujibiwa na upande wa pili kwamba imepokewa. Isipojibiwa hutumwa tena, na mtumaji hupunguza mwendo akidhani njia imejaa. Wakati huo kamera haisubiri. Fremu mpya zinaendelea kuingia na foleni inarefuka ndani ya kompyuta. Foleni ikipita kiasi, programu huanza kuziacha fremu ili matangazo yasibaki nyuma ya wakati. Hizo ndizo fremu zilizopotea. Programu imezitupa kwa makusudi, na pengine ingestahili kusifiwa, maana bila ya kufanya hivyo matangazo yote yangesimama.

Hapa hesabu ndogo inafaa, kwa kuwa wengi hawaamini kwamba upotevu wa pakiti moja katika mia unaweza kuangusha matangazo. Kwa kanuni ya kawaida inayotumika kukadiria njia za aina hii, kasi inayopatikana hushuka kadiri safari ya kwenda na kurudi inavyorefuka na kadiri upotevu unavyozidi. Ikiwa seva iko Ulaya na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150, upotevu wa asilimia 1 huishusha kasi hadi chini kidogo ya megabiti 1 kwa sekunde, hata kama laini yenyewe imelipiwa megabiti 50. Upotevu ukipungua ukawa pakiti moja katika 10,000, laini ile ile, kwa seva ile ile, hutoa zaidi ya megabiti 9. Na kama seva ipo karibu, milisekunde 10 tu, ule upotevu wa asilimia 1 bado unaacha megabiti 14. Ziko njia mpya za kusafirisha data zinazovumilia upotevu kuliko kanuni hii inavyosema, lakini mwelekeo haubadiliki. Ndiyo maana pakiti chache zinazopotea kwenye waya wa ofisini huleta aibu kubwa kwa anayerusha kwenda mbali, na hazihisiwi kabisa na karani anayesoma barua pepe katika chumba hicho hicho.

Waya wa ofisini ndiko kwa kuanzia. Majengo ya zamani ya Bagamoyo, kama ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake ni nene na mawimbi ya Wi-Fi hayapiti vizuri. Kuvuta waya ni uamuzi sahihi. Lakini ukuta wa chokaa hunyonya unyevu, hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi na shaba havijapatana tangu dunia iumbwe. Plagi ya RJ45 ina pini nane zilizopakwa dhahabu kidogo sana. Zile za bei rahisi zimepakwa kidogo zaidi. Baada ya misimu miwili au mitatu ya masika pini hufanya kutu ya kijani, na mguso unakuwa wa kubahatisha: asubuhi ni mzima, mchana mtu akiigusa meza umekufa. Fundi wa mwambao hufanya vyema kuikata ncha ya waya na kubana plagi mpya kabla ya shughuli kubwa. Ni kazi ya dakika tano.

Waya wenyewe nao uangaliwe ni wa nini. Sokoni zipo kebo zenye nyuzi za alumini zilizopakwa shaba kwa juu. Ni nyepesi na rahisi, na kwa macho hazitofautiki na nyengine mpaka zikwaruzwe kwa kisu. Alumini hukatika kwa kukunjwakunjwa, na ikiloa kwa maji ya chumvi huliwa upesi. Kwa kazi ya Serikali ni bora hati ya ununuzi itaje wazi kwamba inahitajika kebo ya shaba tupu, ya daraja la 5e au zaidi. Bila ya maneno hayo, mzabuni ataleta ya rahisi, na kwa mujibu wa karatasi hatakuwa amekosa.

Upo mpaka wa urefu pia. Kebo ya shaba ya mtandao haipaswi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Jukwaa likiwa ufukweni na ofisi ikiwa ng'ambo ya uwanja, mita hizo huisha haraka, hasa waya unapozungushwa pembezoni mwa ua badala ya kukata katikati. Waya unaopita nje baina ya majengo mawili unavuta hatari nyengine wakati wa masika, nayo ni radi. Inapobidi kuvuka uwanja, uvutwe mkongo wa nyuzi za kioo wenye kigeuzi kila upande. Kioo hakipitishi umeme wa radi, hakiliwi na chumvi, na mita 300 kwake si chochote. Isitoshe, waya wa shaba usilazwe sambamba na waya mnene wa jenereta au wa taa za jukwaa; ikilazimu kukutana navyo, uvikate kwa msalaba.

Fundi atajuaje kwamba waya ndio mkosa? Aangalie kompyuta imeunganishwa kwa kasi gani. Kwa vifaa vya sasa inatarajiwa megabiti 1,000. Ikionekana 100, mara nyingi ni kwa kuwa kebo ina jozi nne za nyuzi na moja au mbili zimekufa. Kasi ya 1,000 inahitaji jozi zote nne, ya 100 inaishi kwa mbili. Hapa wengine huruka na kusema wameipata sababu. Hawajaipata bado. Megabiti 100 zinatosha matangazo ya megabiti 4 mara 25. Kushuka huko ni dalili tu kwamba ndani ya kebo kuna kidonda, na jozi zilizobaki huenda nazo zinavuja. Ushahidi wenyewe uko katika hesabu ya makosa ya swichi au ya kadi ya mtandao. Ikipanda wakati wa kurusha, kebo ibadilishwe bila ya mjadala.

Kipo kisa kimoja kisichoonekana kwa macho kabisa. Kifaa kimoja kimewekwa kwa mkono kitume na kupokea kwa wakati mmoja, na cha upande wa pili kimeachwa kijipangie chenyewe. Hiki cha pili, kwa kukosa kujibiwa, hudhani zamu ni ya mmoja mmoja. Kila kitu kitaonekana kizima. Amri ya ping itajibu vizuri, tovuti zitafunguka. Mzigo ukizidi tu, kimoja kinasema wakati chenzake kinasema, na pakiti hugongana. Kosa hili lilikuwa la kawaida sana katika miaka ya 1990, na bado linapatikana katika ofisi zenye swichi za zamani zilizopangwa na fundi aliyekwishahama. Dawa yake ni kuviacha vifaa vyote viwili vijipangie vyenyewe.

Njia fupi ya kutenga kosa ni kuichukua kompyuta mpaka kwenye kifaa cha mtoa huduma na kuiunganisha kwa kebo fupi mpya, bila ya swichi yoyote katikati, Wi-Fi ikiwa imezimwa ili kompyuta isitumie njia nyengine kwa siri. Irushwe nusu saa kwa akaunti isiyo ya hadhara. Fremu zikiacha kupotea, kosa lilikuwa ndani ya jengo, na vifaa virudishwe kimoja kimoja hadi mkosa ajulikane. Nusu saa inasisitizwa. Vipimo vya kasi vya intaneti huchukua sekunde chache tu, na laini inayokatika kila baada ya dakika saba itafaulu mtihani huo kila siku.

Wakati jaribio linaendelea, fundi apige ping mbili kwa pamoja: moja kwa ruta ya ofisini, nyengine kwa anuani ya mbali. Ruta ikijibu kwa kusitasita au kwa kuruka, kosa ni la nyumbani. Ruta ikijibu sawasawa na ya mbali ikaruka, kosa limeshavuka mlango.

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, watumiaji wengine wa jengo wahesabiwe. Simu za wageni 40 zilizopewa neno la siri la ofisi hupakia picha zote walizopiga pale pale kwenye hifadhi za mtandaoni, na hupakia kwa upande ule ule wa kutuma ambao matangazo yanautegemea. Hakuna ubaya wowote waliokusudia. Ni bora siku ya shughuli laini ya matangazo iwe mbali na ya wageni, au ruta ielekezwe kuitanguliza kompyuta ya matangazo. Kompyuta hiyo nayo isiwe inajisasisha wala kunakili mafaili wakati wa kazi. Adapta ya mtandao ya USB, ikiwa inatumika, isichomekwe katika kigawanyaji kimoja na kamera. Vinagombania njia moja nyembamba.

Umeme nao usisahauliwe. Swichi ndogo hujizima na kuwaka tena kwa kushuka kidogo kwa umeme, kwa muda ambao taa ya chumba imepepesa tu, na picha inaganda kwa nusu dakika. Betri ya dharura inayoibeba kompyuta lazima iibebe pia ruta, swichi na kifaa cha mtoa huduma. Ni ajabu ni ofisi ngapi zimeilinda kompyuta na kuviacha hivyo vitatu.

Yako mambo yaliyo nje ya uwezo wa ofisi. Mwambao huu umeunganishwa na dunia kwa waya wa chini ya bahari tangu zamani. Waya wa simu ya maandishi ulifika Zanzibar mwaka 1879, na mwaka 1890 ukatandazwa mwengine kutoka Unguja kupitia Bagamoyo hadi Dar es Salaam. Mikongo ya SEACOM na EASSy ilianza kazi mwaka 2009 na 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu upande wa Msumbiji na Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani kwa wakati mmoja. Siku kama hiyo kubadilisha kebo ya ofisini hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuchagua seva nyengine, kama huduma inayotumika inaruhusu, na kupunguza kiwango cha data: kutoka kilobiti 4,000 hadi 1,500, picha ikapoteza wembe wake lakini sauti na mwendo vikabaki. OBS Studio ina mpangilio wa kupunguza kiwango hicho yenyewe njia inapobana, nao uwashwe kabla, si katikati ya hotuba.

Malalamiko kwa mtoa huduma yakilazimika, yaandikwe kwa takwimu. Barua inayosema "mtandao wenu unasumbua" hujibiwa kwa kuombwa radhi. Barua inayotaja tarehe, saa fremu zilipoanza kuachwa na saa zilipoacha, majibu ya ping ya ruta na ya mbali kwa saa hizo hizo, na kwamba kompyuta iliunganishwa moja kwa moja kwenye kifaa chao kwa kebo mpya, hiyo hupelekwa kwa mhandisi. Nakala ibaki katika jalada la ofisi, kwani fundi atakayekuja kesho atataka kujua jana kulifanywa nini.

Rikodi iliyobaki ndani ya kompyuta ihifadhiwe pamoja na kumbukumbu za kikao. Iwapo fremu ziliachwa kwa sababu ya mtandao, rikodi hiyo haikupungukiwa na kitu, na ofisi inaweza kuiweka mahali pale pale palipokuwa na matangazo, siku hiyo hiyo, pamoja na maelezo ya mstari mmoja kwamba picha ilikatika kuanzia saa fulani hadi saa fulani na kwamba hii ndiyo kamili.